Basi la abiria 33 liwe nyumba ya safari ya familia: nianzie wapi?

Mwalimu wa Barani (Malindi)

Wanajamvi, assalamu alaikum na salamu kwenu nyote.

Nimenunua basi dogo la abiria 33, aina ya Isuzu, lililoundiwa bodi humu nchini juu ya chesisi ya lori. Lilibeba abiria kati ya Malindi na Mombasa kwa miaka mingi, na mwenyewe aliliondoa barabarani kwa sababu ya bodi wala si injini. Injini inawaka asubuhi bila kusumbua, haitoi moshi mweusi, na gia zinaingia bila kulazimishwa. Nia yangu ni kuligeuza liwe nyumba ya safari ya watu sita: mimi na mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi ndefu.

Shule zikifunga, tungependa kuwatembelea ndugu zetu Voi na Tanga, na kufika Lamu angalau mara moja kwa mwaka, bila kuwalazimisha wenyeji wetu kuhama vitanda vyao kwa ajili yetu. Mama amesema wazi kwamba atasafiri ikiwa atakuwa na mahali pake pa kulala na pa kuswali. Kwangu mimi, kauli hiyo ndiyo iliyoniondolea wasiwasi wa kutoa pesa.

Nimekwisha kuchora ramani ya ndani: jiko upande wa kulia nyuma ya dereva, kitanda cha mama karibu na mlango, vitanda viwili vya ghorofa vya watoto, na chetu sisi wazazi mwisho kabisa. Nimepata pia seremala wa kuanza makabati wiki ijayo. Hata hivyo, jirani yangu aliyewahi kuwa utingo ameniambia nisipigilie hata msumari mmoja kabla sijauliza watu wanaojua. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Ninaomba ushauri kuhusu kutu, uzito, joto, na taratibu za serikali.

Fundi wa Bodi (Malindi)

Mwalimu, wa alaikumu salaam. Huyo jirani yako amekupa ushauri wa thamani, nami ninakuomba umwambie seremala asubiri. Hatujui bado kama chumba unachotaka kukipamba kina sakafu.

Nimefanya kazi ya bodi hapa pwani muda mrefu, na mabasi ya kwetu hufa kutoka chini. Upepo wa bahari huleta chumvi kila siku, chumvi hiyo hukaa chini ya gari mahali ambapo mvua haifiki kuiosha, na tope la barabarani huifunika ili isikauke. Wakati huohuo maji huingia kwa juu: raba za madirisha zikishakakamaa hupitisha mvua, mvua huteremka ndani ya ukuta kati ya mabati mawili, kisha hutuama kwenye bomba la mraba la chini kabisa, lile linaloshika ukuta na sakafu. Bomba hilo huliwa kutoka ndani. Kwa nje utaliona limepakwa rangi nzuri, na kumbe limebaki unene wa karatasi.

Kwa hiyo, toa viti vyote, ng'oa raba ya sakafuni, kisha ng'oa na mbao zilizo chini yake. Usiridhike na kufunua kona moja. Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene, upite ukigonga kila bomba kuanzia ngazi ya mlangoni hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti ya juu na nyundo hurudi mkononi, ilhali chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa kama debe lenye mchanga, na hapo bisibisi itazama ukiisukuma. Angalia kwa makini zaidi ngazi za mlango, sehemu zilizo juu ya magurudumu, sanduku la betri, na nguzo za madirisha chini ya raba.

Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima. Usikubali fundi achomelee bomba jipya juu ya lililooza kwa kisingizio cha kuliongezea nguvu, kwa kuwa kutu itaendelea kula katikati na utarudi gereji kabla ya miaka miwili. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa grainda na brashi ya waya, ioshwe kwa maji matamu ili chumvi itoke, ikaushwe vizuri, ndipo ipakwe rangi ya oksaidi nyekundu siku hiyohiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala nje usiku mmoja tu hapa Malindi, asubuhi kinakuwa na rangi ya chungwa. Kabla ya kuchomelea popote, hakikisha nyaya za betri na za alteneta zimefunguliwa, la sivyo utaunguza alteneta.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza ni kugusanisha alumini na chuma. Bati la alumini likifungwa moja kwa moja kwenye fremu ya chuma mahali penye chumvi na unyevu, metali hizo mbili huanza kulana, na alumini ndiyo inayotoka unga mweupe kuzunguka riveti. Weka rangi na utepe wa kuzibia kati yake. Vilevile toboa matundu madogo ya kutolea maji sehemu ya chini ya kila bomba, kwani maji yataingia tu, na kinachotakiwa ni kuyapa njia ya kutoka.

Kuhusu serikali, nenda NTSA, yaani mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kukata chochote. Gari lako limeandikwa kuwa la abiria, na aina ya bodi pamoja na matumizi yake vikibadilika ni lazima logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, ibadilishwe na gari likaguliwe. Bima nayo itabadilika, kwa kuwa bima ya gari la abiria na ya gari la familia ni vitu viwili tofauti. Kupata majibu kwa maandishi kabla ya kazi ni rahisi kuliko kueleza kwa mdomo baada ya kazi.

Seremala wa Matondoni (Lamu)

Mwalimu, nimesoma kwa makini. Mimi si mtu wa magari. Nimekulia kwenye majahazi, kama wengi wa kijiji chetu, lakini nimewahi kuitwa Mokowe kumalizia ndani ya gari la namna hii, na nilichojifunza ni kwamba basi ni chombo. Linapita barabara mbovu kama mashua inavyopita mawimbi, na bodi yake hujipinda kidogo kila gurudumu moja linapoinuka. Fanicha ya nyumbani haikuumbwa kwa maisha hayo. Kabati lililounganishwa kwa gundi na misumari pekee litaanza kulia kabla hujafika Garsen, na ukirudi utakuta misumari imejitokeza.

Mitepe, yaani mashua za zamani za huku kwetu, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na ushonaji huo uliipa mbao nafasi ya kucheza bila kupasuka. Sikwambii ushone makabati, ila ninakuomba uyafunge kwa bolti zenye washa pana, uache nafasi ndogo kati ya kabati na ukuta wa basi, na usilifunge kabati moja kwenye ukuta, sakafu na dari kwa pamoja.

Halafu kuna uzito. Plaiwudi ya milimita 18 ambayo maseremala wengi huipenda ina uzito wa zaidi ya kilo 30 kwa shiti moja la futi nne kwa nane, kwa hiyo mashiti ishirini yatakupa zaidi ya kilo 600 kabla hujaweka hata sufuria. Sisi kwenye jahazi hatutafuti nguvu kwa unene wa ubao bali kwa mataruma, yaani mbavu za ndani ya chombo. Tumia plaiwudi ya milimita 12 kwa sehemu zinazobeba na ya milimita 9 kwa milango na kuta za makabati, uitie mbavu za mbao nyembamba kwa nyuma. Chagua ile inayostahimili maji, na kila unapoikata, upake kingo zake vanishi mara mbili au tatu, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo.

Kwa kitanda cha mama ninapendekeza kitanda cha kamba, kilichosukwa kwenye fremu ya mbao iliyofungwa kwa bolti. Ni chepesi, hewa inapita chini ya godoro, na godoro halitashika ukungu wakati wa masika. Kamba zitalegea, nawe utakuwa ukizikaza kila baada ya safari chache, lakini hiyo ni kazi ya nusu saa.

Ukija Lamu, panga mapema kwamba basi litaishia Mokowe na mama atavuka kwa boti, kwa kuwa mjini kwetu hamna barabara ya magari. Safiri mchana, na uulizie hali ya usalama ya njia ya Witu kabla hujaondoka Malindi.

Mama wa Watatu (Kilifi)

Kaka Mwalimu, hongera kwa kumfikiria mama kwanza. Familia yetu imesafiri kwa basi kama hilo kwa miaka kadhaa sasa, nami nitazungumzia mambo mawili ambayo mafundi hawalali nayo usiku.

La kwanza ni gesi. Fundi wetu wa kwanza, ambaye sitamtaja, aliuweka mtungi wa kilo 13 ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda cha mwanangu mdogo kwa sababu nafasi ilikuwa hapo. Usiku mmoja tukiwa tumeegesha Voi, mtoto aliamka akisema ananusa yai lililooza. Mimi na baba yake tulikuwa tumelala kitanda cha juu na hatukunusa kitu. Mpira ulikuwa umechubuka kwenye ncha ya bati na gesi ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ilikuwa inatandaa sakafuni na kumfikia aliyelala chini kabisa. Tulitoka nje bila kuwasha taa. Siku iliyofuata tuling'oa sanduku lile, na leo mtungi unakaa kwenye kabati lake lenye mlango wa nje, lililozibwa kabisa upande wa ndani, na sakafu yake ina tundu kubwa lililo wazi la kuishusha gesi nje ikivuja. Gari likitembea, mtungi hufungwa. Jiko la mkaa halipaswi kuingia ndani ya basi kwa hali yoyote, hata kama ni la kupasha joto usiku wa baridi, kwa kuwa hewa yake huua watu wakiwa usingizini na haina harufu ya kuwaamsha.

La pili ni viti. Msiwe na tamaa ya nafasi mkang'oa vyote. Mko sita, kwa hiyo bakizeni viti sita vinavyotazama mbele, vilivyofungwa kwa bolti hadi kwenye fremu yenyewe na vyenye mikanda. Gari likitembea, kitanda si mahali pa mtoto wala pa bibi. Mlango wa dharura nao usizibwe na kitanda chenu cha nyuma. Kama ramani yako inauziba, ibadilishe ramani.

Kuhusu joto, yaacheni madirisha yanayofunguka pande zote mbili, yatazamane, na kila moja liwe na wavu wa mbu unaoweza kuondolewa na kufuliwa. Mkiegesha, ulizeni upepo unatoka wapi: wakati wa kusi unatoka kusini, wakati wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, na ubavu wa basi ndio unaopaswa kuupokea. Sisi tulipojifunza hilo, feni tulizokuwa tukizilaumu zikaonekana zinatosha.

Fundi wa Sola (Malindi)

Nitaongezea juu ya joto na umeme. Paka paa rangi nyeupe, na uinue paneli za sola sentimita tano au zaidi juu ya bati. Kivuli chake kitafanya kazi ya paa la pili, na hewa inayopita chini itazipunguzia paneli moto, kwani paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inapozidi 25. Ndani ya dari tumia povu gumu lisilonyonya maji. Pamba ya kuzuia joto ikilowa hapa pwani haikauki.

Kwa hesabu ya familia yako, friji ndogo ya kompresa itakula wati-saa 600 hivi kwa siku katika joto letu, feni mbili za wati 20 kwa saa kumi ni 400, na taa, pampu ya maji na simu ni kama 300. Jumla ni 1,300. Paneli za wati 400 zikipata saa tano za jua zuri, baada ya kutoa hasara za njiani, zinaweza kukupa karibu 1,500. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 200 huhifadhi takriban 2,500, kwa hiyo utavuka siku moja ya mawingu bila wasiwasi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: basi lako lina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Mtu anayetaka taa za volti 12 huchomeka waya kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo itakuwa inapungua peke yake, nyingine itajazwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema. Umeme wa nyumba uwe na betri yake, na kila waya mnene unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu waya unaosuguana na bodi ya chuma kwenye barabara mbovu ni chanzo cha moto.

Mwalimu wa Barani (Malindi)

Nawashukuru kwa dhati. Dada, habari ya mtoto aliyeinusa gesi imenikosesha usingizi, na mtungi wetu umekwisha kuhamishiwa nje kwenye ramani. Mzee wangu wa Matondoni, mama amefurahi sana kusikia habari ya kitanda cha kamba. Amesema alizaliwa juu ya kitanda cha namna hiyo.

Jumamosi na Jumapili nilifanya kama Fundi alivyoniagiza. Viti vilitoka kwa tabu, bolti nyingi zikakatika. Chini ya raba nilikuta mchanga uliolowa ingawa mvua haijanyesha kwa wiki mbili, sarafu kadhaa za shilingi kumi zilizogeuka kijani, na plaiwudi ya zamani iliyomeguka mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kisha nikaanza kugonga. Upande wa kulia ulilia vizuri karibu wote. Upande wa kushoto, kuanzia ngazi ya mlango kuelekea nyuma kwa kiasi cha mita tatu, sauti ilikuwa ileile ya debe lenye mchanga, na bisibisi ilizama hadi kwenye mpini mahali pawili. Nguzo moja ya dirisha imeachana kabisa na bomba la chini. Ukuta wa pale ulikuwa umeshikwa na bati tu.

Hapo ndipo kitanda cha mama kilipokuwa kimechorwa.

Seremala nimemsimamisha. Swali langu kwa Fundi ni kama gari hili bado linafaa, au nimetupa pesa. Swali la pili linahusu uzito: tangi la maji la lita 300 nililitaka nyuma kabisa, chini ya kitanda chetu. Je, ni sawa?

Fundi wa Bodi (Malindi)

Mwalimu, gari linafaa. Mita tatu za bomba la chini na nguzo moja ni kazi ya siku chache kwa mchomeleaji mzuri. Kinachoua gari ni kutu kwenye chesisi yenyewe, zile reli mbili ndefu zinazobeba kila kitu. Lala chini ya gari ukiwa na tochi, uzigonge reli hizo vilevile, hasa mahali springi za nyuma zinaposhikia. Zikilia vizuri, endelea. Zikiwa na magamba yanayobanduka kwa vipande vinene, usiguse kitu hadi nije nizione. Na kwa kuwa ngazi ya mlango itakatwa hata hivyo, huo ndio wakati wa kuijenga upya ikiwa na vidaraja vifupi na mshikio pande zote mbili kwa ajili ya mama. Ukuta ukisimama kwenye bomba jipya, kitanda chake kinaweza kubaki palepale.

Tangi lisikae nyuma kabisa. Lita 300 ni kilo 300, na ukiziweka nyuma ya ekseli ya nyuma zitainyanyua pua ya gari na usukani utakuwa mwepesi kuliko inavyofaa. Liweke kati ya ekseli mbili, chini iwezekanavyo, na ndani yake liwe na kuta za kuzuia maji yasikimbie huku na huku ukifunga breki. Vitu vizito vya upande wa kulia, yaani jiko na friji, vikabiliwe na betri na tangi upande wa kushoto. Basi lilikuwa likibeba watu 33, zaidi ya tani mbili, kwa hiyo una nafasi ya kutosha ukiwa mwangalifu, lakini lipeleke mzani likiwa tupu sasa na tena kazi ikiisha, ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, ulinganishe na kibao cha mtengenezaji.

Nitapita Barani Alhamisi baada ya alasiri. Basi likalie vigogo vinene vya mbao pande zote mbili, magurudumu ya kushoto yawe yametolewa, na usipake rangi mahali popote hadi nifike.